Sofa ya Wauza Mapumziko

Kitanda cha Constance na mume wake Cyprian kilikuwa hakijapoa tangu siku kiliponunuliwa. Msifikirie mbali. Hakikupoa kwa sababu mmoja akitoka, mwingine anaingia. Constance alikuwa anasuka nywele katikati ya mji wa Durban, kwenye saluni nyembamba iliyobanwa kati ya duka la simu na duka la mablanketi, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua. Cyprian alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha rangi kule Pinetown. Walikuwa wanakutana kwenye ngazi za jengo lao, mume anapanda, mke anashuka, na ufunguo unabadilisha mkono.

"Mboga ya sombe iko kwenye sufuria ya kijani."

"Haya. Beba mwavuli, mvua inakuja."

Ndoa ikawa ni hiyo. Cyprian akivua viatu na kujitupa, anakuta joto la mke wake limemngoja kwenye godoro, lakini mke mwenyewe amebanwa na abiria wengine ndani ya teksi. Jioni Constance naye anakuta joto la mume. Paka wa jirani aligundua siri hiyo mapema, akawa anapenya dirishani kuja kuzaa pale kila mwaka, kwa maana Durban nzima hakuona mahali pengine penye moto usiozimika.

Usiku ambao kiwanda kilimpa Cyprian ruhusa ya kupumzika, yeye alikwenda kulinda magari kwenye ukumbi wa harusi. Jumapili Constance alikuwa kwenye kwaya, mume amelala. Binti yao Laurette alikuwa anasoma chuo, amepanga chumba Glenwood pamoja na wanafunzi wenzake, na ada ya chuo haijui Jumapili wala sikukuu. Basi wazazi walilala kwa zamu, kama watu wawili waliokodi usingizi mmoja.

Uchovu wa Constance haukuwa tena uchovu wa kawaida wa mtu aliyefanya kazi. Ulikuwa umehamia ndani yake na virago vyake vyote. Miguu ilimvimba mpaka viatu vikawa vinamsalimia kwa huruma. Vidole vyake vilizoea kusuka hata vikawa havisikii amri. Asubuhi moja aliamka akakuta pindo la shuka limesukwa mistari yote, safi, kuelekea nyuma, na hakukumbuka kitu. Mteja angeweza kulipia kazi ile.

Siku hiyo alirudi kutoka kununua rasta huku ameshika kadi ndogo ya kukwaruza, ya rangi ya dhahabu. Mwenzake wa saluni, Colette, mwanamke mwenye mdomo wa moto na moyo wa siagi, aliiona kabla hata hajaingia, akamwita kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

"Yaya Constance, umekwaruza nini tena?"

"Kuna binti amesimama pale mbele ya maduka. Amenipa nikwaruze. Nimeshinda."

"Wee! Kila mtu anashinda. Mimi nimeshinda mara sijui ngapi. Hata yule mzee kipofu anayeuza mifagio ameshinda, na hakuona alichokwaruza."

"Siku mbili kwenye hoteli ya milimani, Colette. Kulala bure. Na chai ya asubuhi."

"Bure!" Colette alichomoa kitana kwenye nywele za mteja ili apate kucheka vizuri. "Wanakuita kwenye ukumbi wao, mume na mke, wanawakalisha, wanawauzia mapumziko. Lazima mkae mpaka mwisho, wote wawili, macho wazi. Mmoja akisinzia, zawadi imekwenda. Binamu yangu Akimana alienda na bwana yake. Walikaa pale mpaka njaa ikawa mtu wa tatu kwenye ndoa yao. Wakarudi na birika la umeme. Na birika lenyewe linachemsha upande mmoja."

"Mimi sitaki birika. Nataka milima."

"Milima ya nini tena, yaya? Kwetu umetoka milimani, na uliikimbia."

"Ile niliikimbia kwa miguu. Hii nitalala."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka. Colette hakucheka. Alimtazama mwenzake miguuni, akapanda na macho mpaka usoni.

"Na Baba Laurette? Huyo atakaa macho? Mwanaume anayelala akipiga mswaki?"

Constance aliinamia kadi yake. Kwenye kadi palikuwa na picha, na katika picha hiyo yeye hakuona milima. Aliona kitanda kipana, shuka nyeupe, na mito miwili. Alikuwa ameitazama njia nzima, akisimama mpaka robot, taa za barabarani za Durban, inageuka kijani na kurudi nyekundu tena na watu wanamsukuma. Mito miwili, yote kwa wakati mmoja! Alijaribu kukumbuka mume wake analala upande gani, akashindwa. Hakujua kama siku hizi anakoroma au ameacha. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, na aliona aibu kumwambia Colette: usiku mbili tu za kujua.

Jumanne asubuhi Cyprian alitoka Pinetown moja kwa moja hadi kwenye hoteli ya mjini, ambako wauzaji wale walikuwa na ukumbi wao na Constance alikuwa anamngoja. Alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya shati la ulinzi, na chini ile buti nyeusi ya kazi. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili zilizokosana.

"Mama Laurette, hii kitu itachukua muda gani?"

"Kidogo tu. Wewe kaa wima. Usilale."

"Mimi? Mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kutolala."

Hapo inabidi Cyprian aelezwe vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye ufundi wake. Huko kiwandani, usiku kucha, ofisi inawaita walinzi kwa redio ya mkononi ili kujua kama wako macho. Sauti inasema jambo, mlinzi anajibu: "Yes sir. Sharp, sir." Ndiyo hivyo wanavyosema Durban mambo yakiwa sawa. Baada ya miaka kwenye kazi, Cyprian alikuwa amejifunza kulala amesimama, macho wazi, kichwa kinaitika, na sauti yoyote ya kiume ikinyamaza kidogo kungoja jibu, mdomo unajibu wenyewe. Yeye mwenyewe hayupo. Watu wa Pinetown wanasema kuna mwizi aliruka ukuta akamkuta amesimama, akamuuliza kwa woga, "Baba, naweza kupita?" Cyprian akasema, "Yes sir. Sharp, sir." Mwizi alikaa pale akitafakari ni mtego wa namna gani huu, akaona heri arudi kwao, na siku hizi ni shemasi.

Ukumbi ulikuwa na zulia nene la kumeza kiatu na kiyoyozi ambacho kingemfanya samaki aombe sweta. Katikati, sofa kwa sofa, waliketi waume na wake, kila jozi na muuzaji wake. Mbele ilining'inia kengele ya shaba. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa anapitisha chai na sambusa.

Muuzaji wao alikuwa kijana anaitwa Shafiek, wa zile familia za Chatsworth ambazo mababu zao waliletwa Durban zamani kutoka pwani ya juu, ya Waswahili. Kiswahili kilikuwa kimemwishia mdomoni, yamebaki maneno kama makombo kwenye sahani.

"Karibu, mama. Karibu, baba," alisema, kisha akaendelea kwa Kiingereza.

Constance alilainika. Karibu ya kwetu, mahali kama pale! Lakini alimwona pia kijana: kola imesuguliwa na pasi mpaka inang'aa, na kila mara anatupa jicho kwenye ukuta wa kioo wa nyuma, ambako bosi wake alisimama amekunja mikono. Kijana huyu naye hakulala vizuri. Mtu mchovu anamjua mchovu mwenzake.

Sofa ndiyo iliyoharibu mambo. Haikuwa sofa ya kukalia, ilikuwa ya kupokelea wagonjwa. Ilimzunguka Cyprian mabegani, ikamshika kiunoni, na kabla sukari haijayeyuka kwenye chai yake alikuwa ameondoka duniani. Macho wazi. Kichwa kinaitika taratibu. Mke wake tu ndiye angejua, na hata yeye alichelewa kujua.

"Nyumba ni moja, milimani," Shafiek alieleza, akionyesha picha iliyowaka kwenye skrini ukutani, "lakini wenyewe ni wengi. Kila familia ina wiki yake kwa mwaka. Ninyi mkitoka, wengine wanaingia. Shuka zinabadilishwa. Kitanda hakikai bure hata siku moja."

Constance alishusha kikombe.

"Kitanda kimoja, watu kwa zamu?"

"Ndiyo hivyo, mama!"

"Mmoja akitoka, mwingine anaingia?"

"Umeelewa haraka sana. Wengine inawachukua asubuhi nzima."

"Na mtu analipa kwa hiyo?"

"Kidogo kidogo, kila mwezi. Na siku ukifariki, mtoto wako anarithi."

Constance alimfikiria Laurette akirithi kitanda cha zamu. Alitaka kucheka na kicheko kikachoka njiani. Kitu ambacho walikuwa nacho nyumbani kwa sababu ya shida, watu hawa walikuwa wamekipaka rangi, wamekiwekea milima nyuma, na wanakiuza. Lakini vocha ya zile siku mbili ilikuwa mezani, chini ya kidole cha Shafiek, na kwenye vocha mito ilikuwa bado miwili. Akachukua tena kikombe.

"Baba," Shafiek alimgeukia Cyprian, "unapenda milima?"

"Yes sir."

"Ungependa kumpeleka mama kila mwaka?"

"Yes sir. Sharp, sir."

Ndipo Constance alipong'amua. Aliijua sauti ile; jirani zake pia waliijua, maana ilipita ukutani mchana kutwa mwenyewe akiwa usingizini. Akamfinya paja. Akamkanyaga buti, lakini buti ile ilitengenezwa kwa kukanyagwa na magari. Shafiek, maskini, alikuwa hajawahi kupata mteja kama huyu. Kila alichouliza kilikubaliwa. Uso wake ukaanza kuwaka. Alisahau kioo, alisahau bosi, alieleza wiki ya dhahabu na wiki ya fedha, bwawa la kuogelea, farasi, na Cyprian aliitika kama askofu anayesikiliza maungamo.

"Baba, tuseme basi tumekubaliana?"

"Yes sir. Sharp, sir."

Shafiek aliruka. Alikimbia mbele akaigonga kengele, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kengele ile iliamsha watoto kwenye magari yaliyopita nje. Cyprian haikumwamsha. Bosi akaja mwenyewe, ananukia manukato ya kukata pumzi, akaweka mkataba mezani na kumtilia Cyprian kalamu mkononi. Na mkono ule, ambao kila usiku unatia sahihi kwenye kitabu cha lindo bila kumuuliza mwenyewe, ukajikunja, ukatafuta mstari.

Constance aliudaka.

"Hapana. Hatununui."

"Mama," bosi alitabasamu, "mume wako amekubali mbele ya watu wote."

"Hakukubali."

"Tumuulize mwenyewe. Baba, unataka?"

"Yes sir."

Kalamu ikaanza kutembea tena. Constance akaudaka mkono mara ya pili.

"Hajui anachosema."

"Hajui?" Tabasamu la bosi likapungua. "Amekaa hapa tangu asubuhi anasikiliza. Au hakusikiliza? Kwa sababu kama hakusikiliza, mama, masharti unayajua." Na akaisogeza vocha upande wake.

Basi ikawa hivyo. Kama Cyprian alikuwa macho, wamenunua kitanda cha zamu mpaka kufa na baada ya kufa. Kama alikuwa amelala, hakuna milima. Constance alitazama ile mito miwili kwenye karatasi, na wakati huo huo mkono wa mume wake, mzito, wenye sugu za funguo na kufuli, ulikuwa unapapasa ndani ya wake ukitafuta mahali pa kutia sahihi, kama ulivyotia sahihi miaka yote kwa ajili yao. Uchovu wote ukamjia kwa pamoja, hata Kiingereza kikamtoroka. Akasema kwa lugha ya nyumbani:

"Amelala."

Mama wa chai alisimama na trei yake, maana neno lile linakaribiana na la kwao. Akainama, akamchungulia Cyprian machoni.

"Ulele!" alipiga kelele kwa Kizulu. "Huyu mtu amelala, nyie! Macho wazi kama samaki!"

"Haiwezekani," alisema Shafiek. Alipunga mkono mbele ya uso wa Cyprian. Akapunga tena. Sauti yake ikatoka nyembamba. "Baba... umelala?"

"Yes sir," alisema Cyprian. "Sharp, sir."

Kicheko kilichopasuka pale kiliyumbisha mapazia. Jozi mbili zilizokuwa zimekaribia kununua zilicheka mpaka mlangoni na hazikurudi. Mzee mmoja alimwaga chai kwenye mkataba wake akashukuru Mungu. Bosi aliichukua vocha, akaitia mfukoni, akaondoka akiburuta manukato yake. Cyprian aliendelea kuitika.

Shafiek alijishusha pembeni ya sofa, mikono kati ya magoti.

"Mama," alisema baadaye, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunikubalia kila kitu."

"Nisamehe, mwanangu. Si kosa lako. Ametoka kazini."

"Kazi gani?"

"Ulinzi."

Kijana alicheka, kicheko kidogo, kwa pua. "Mlinzi."

"Tafadhali, usimwamshe. Nitamwamsha mimi polepole. Huyu ukimwamsha kwa ghafla anakukamata."

Shafiek alitazama saa ya ukutani. Watu walikuwa wanaondoka. Kundi lingine lilikuwa la mchana. Alikwenda akazima ile picha ya milima, akavuta pazia, akapunguza kiyoyozi. Mlangoni alijipapasa kutafuta neno kwenye yale makombo yake, akalipata.

"Lala, mama. Mpaka wale wengine waje."

Mama wa chai alileta kitambaa cha meza akawafunika magoti, akaguna, "Haya, maharusi," akaenda zake.

Kichwa cha Cyprian kilianguka chenyewe kwenye bega la mke wake. Bega la kushoto. Kumbe ni kushoto. Na alikuwa bado anakoroma, ila siku hizi mkoromo ulikuwa na filimbi ndogo mwishoni, kama birika linalochemsha upande mmoja. Constance alitaka kukaa macho asikilize zaidi, kwa sababu hiki ndicho alichokifuata. Alishindwa. Usingizi ulimchota wote, kuanzia miguuni kwenda juu, na vidole vyake vilisuka pindo la kitambaa kidogo tu, kisha vikaacha.

Waliamshwa na sauti za watu wapya wanaokuja kushinda zawadi. Mama wa chai aliwatia sambusa kwenye karatasi. Wakatembea pamoja mpaka kwenye kituo cha teksi, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu hawakumbuki lini, na Cyprian alikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuogeshwa.

"Basi, Mama Laurette. Milimani tunaenda lini?"

"Hatuendi. Ulilala."

"Mimi?" Alisimama katikati ya njia, teksi ikapiga honi. "Eish! Mimi sikulala. Nilisikia yote."

"Alisema nini, basi?"

Cyprian alifikiri. "Alisema mambo mazuri."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia... nilimjibu kwa heshima."

"Ulimjibu kwa heshima sana, Baba Laurette. Karibu utuuze."

Alimwangalia kama anatania. Kisha akakumbuka kwamba Laurette alikuwa amemaliza unga, akaona hakuna haja ya kupanda nyumbani. Angepitia Glenwood, na kutoka pale angeunganisha hadi kazini Pinetown. Alimega sambusa, nusu akampa mke wake, akapanda.

Saluni, Colette alikuwa amengoja kwa mikono miwili kiunoni.

"Haya, yaya. Birika liko wapi?"

"Hakuna birika."

"Na milima?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu kabisa? Asubuhi nzima, mteja wako wa kichwa kizima nimemsuka mimi mpaka vidole vimelia, na umerudi mikono mitupu?" Colette alimsogelea, akamkagua uso. "Mbona umenenepa macho? Ulikuwa wapi, kwanza?"

"Tulikaa kwenye sofa," alisema Constance, akavaa aproni.

"Nilikwambia! Watu wale ni kupoteza wakati. Mimi nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

Na akachukua kitana, akamalizia kichwa kilichobaki, na kingine baada ya hicho, mpaka jua likaondoka kwenye kioo cha duka la simu. Miguu ilikuwa imevimba kama kawaida. Teksi ilikuwa na foleni kama kawaida. Alipanda ngazi peke yake. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe tangu asubuhi, hakuna aliyempokea wala wa kumpa.

Alivua nguo, akavuta shuka, akajilaza, na akaruka juu kama aliyeguswa na maji.

Kitanda kilikuwa baridi. Godoro zima, upande wake na upande wa mume, baridi kabisa. Hata paka alikuwa amehama. Constance alikaa pale ukingoni na mkono juu ya mto, akicheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akasogea kulia, akaacha kushoto wazi, akalala.